Mtoto akiuliza kwa nini mtu anatembea na chuma, tafadhali usimfinye

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi.

Wiki iliyopita nilipanda daladala Muheza naelekea Tanga mjini. Mguu wangu wa kulia umepooza tangu utotoni. Navaa chuma kirefu kinachoanzia pajani mpaka kwenye kiatu, na natembelea gongo. Chuma hicho kina komeo kwenye goti: nikisimama nalifunga ili mguu usinikunjikie, nikikaa nalifungua. Basi nilipoketi nikalivuta, likalia "ka!" kama kawaida yake. Kiti cha jirani kulikuwa na mama amempakata binti yake wa miaka minne hivi. Mtoto akageuka, macho yakamtoka. "Mama, mguu wake unafunguka?"

Mama akamfinya paja. Nikaona kwa macho yangu. Akamwambia, "Nyamaza! Utakuja kuwa kama yeye." Mtoto akaangua kilio. Nikasema, dada yangu mwache tu, ameuliza swali zuri, lakini mwenzangu alishaona aibu, akamfunika mtoto uso kwa kanga. Mpaka tunafika Pongwe yule binti alikuwa akichungulia chini ya kanga, na macho yetu yakikutana anajificha.

Simchukii yule mama. Alikuwa ananistahi kwa namna aliyolelewa. Ila mimi nilitamani sana kumjibu yule mtoto. Ningemwambia ndiyo, unafunguka, njoo uvute mwenyewe.

Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka mitano, huu ni mwaka wa 11. Mwaka wa kwanza kosa kama lile nililifanya mimi mwenyewe. Nilivaa madira yanayoburuta chini ili chuma kisionekane, na siku ya kwanza nikawaambia watoto, "Hapa hatuulizi maumbile ya mtu." Nikaona nimefundisha adabu. Baada ya wiki mbili nikagundua kuna mtoto ananikwepa. Nikimwita ubaoni anakuja mpaka nusu ya njia, anasimama. Siku moja akajikojolea pale mkekani kwa kuogopa kuja kuniomba ruhusa. Nilipoongea na bibi yake ndipo nikajua: watoto wakubwa wa mtaani walimwambia mwalimu wake alipigwa na shetani usiku, na ukimkaribia shetani anahamia kwako. Mtoto amekuja shule kila siku na mzigo huo kifuani, na mlango wa kuuliza nilikuwa nimeufunga mimi.

Tangu hapo, kila Januari, wakishaacha kuwalilia mama zao, naketi nao chini, nafungua mikanda, nakivua chuma na kukiweka katikati ya mkeka. Wanakishika. Wanalifunga komeo na kulifungua mpaka waridhike, na kuridhika kwao kunachukua muda. Halafu wanauliza. Nitayaandika maswali yao hapa, kwa sababu nadhani wazazi wengi mnayaogopa kabla hamjayasikia.

Unalala nacho? Hapana, nakivua. Unaoga nacho? Hapana, kitashika kutu. Naoga nimekalia kigoda. Ukitekenywa unacheka? Hili nalipenda kuliko yote. Nawaambia jaribuni. Nacheka kweli, kwa sababu polio inaharibu mishipa inayouamuru mguu usogee, ile ya kuhisi inaiacha. Baridi naisikia, mwiba nausikia, na vidole vya watoto kwenye unyayo navisikia. Wakishanitekenya hakuna anayeniogopa tena.

Nani alikufanya hivyo? Hapa nakwenda taratibu. Nawaambia kuna kijidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho, kinaitwa kirusi cha polio. Kinaingia mdomoni kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Watoto wengi wakikimeza hawadhuriki, wachache wanapooza. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wachache, mwaka 1985, nina miaka miwili. Ndiyo sababu ninyi mlipokuwa wachanga mlidondoshewa matone mdomoni. (Kwa nyie wakubwa: mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio hapa Tanzania alipatikana 1996. Ile kampeni ya matone ya nyumba kwa nyumba ya 2022 ilikuja baada ya mgonjwa kupatikana Malawi.)

Nikikushika nitaambukizwa? Hapana, kijidudu kilishaondoka zamani, kimeuacha mguu tu.

Na kuna mwaka mmoja mtoto aliniuliza, "Mungu alikukasirikia?" Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia hapana, Mungu hawakasirikii watoto wa miaka miwili. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye komeo lake.

Najua mtaniambia tuna methali yetu, hujafa hujaumbika. Mtu mzima akiisikia anajinyenyekeza, na nikiwa na watu wazima wenzangu naisema hata mimi. Lakini mtoto wa miaka minne hasikii unyenyekevu. Anasikia kwamba yule mtu ni adhabu inayotembea, na ukikosea inakurukia. Mtoto anayeambiwa "usimcheke, utakuwa kama yeye" ataacha kucheka, hilo kweli. Pia ataacha kusalimia, ataacha kukaa karibu, na hatanialika kucheza.

Kuna mambo madogo ambayo nayafundisha kwa mkazo mkubwa. Gongo ni mguu wangu. Halifanywi bunduki, halifanywi farasi, halihamishwi nilipoliegesha, kwa sababu ukiondoka nalo mimi nimekwama pale nilipo. Na ukitaka kunisaidia, uliza kwanza, kisha usubiri jibu. Kijana wangu mmoja, kwa upendo mtupu, alinishika mkono wenye gongo ili anivushe mtaro. Mkono ule ndio uliokuwa umenibeba. Tulidondoka wote wawili mtaroni. Sasa darasa zima wanajua: "Mwalimu, nikushike wapi?" Swali hilo nimeshawahi kulisikia likiulizwa sokoni na mtoto niliyemfundisha miaka sita nyuma, akimuuliza mzee asiyenihusu kabisa.

Na maneno. Mtoto akisema "yule kiwete" simkaripii, hilo ndilo neno alilolikuta nyumbani. Nampa jingine: mtu mwenye ulemavu wa miguu, au kwa kifupi, mwalimu wa gongo. Tazameni ngeli yenyewe jamani: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibiongo. Tumewapanga kwenye ki-vi pamoja na kiti na kijiko.

Nyumbani kwenu mnawaambiaje watoto? Naomba hasa wenye watoto wenye ulemavu na wenye ulemavu wenyewe waseme.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu mwalimu, nimekusoma na miwani yangu mpaka mwisho. Pole na hongera. Ila kwenye methali nitakupinga kidogo. Sisi tulifinywa, na tukawafinya watoto wetu, kwa sababu watoto wa zamani walikuwa wanawarushia mawe watu. Kulikuwa na mzee kwetu anatambaa kwa magoti, amejifunga vipande vya tairi. Watoto walikuwa wanamfuata nyuma wanamwiga. Bibi yangu alitupiga bakora na kutuambia hujafa hujaumbika, na tukakoma. Bila ile hofu tungeendelea.

Mwalimu wa Awali

Shikamoo bibi. Naipokea. Kumrushia mtu mawe ni kosa la kuadhibiwa, na bibi yenu alifanya haki. Swali langu kwako, wewe mjukuu wake: baada ya kukoma, kuna mtoto hata mmoja aliyewahi kwenda kumsalimia yule mzee?

Bi Mkubwa wa Pangani

Marahaba mwanangu. Hapana. Hakuna. Tulikuwa tunapita upande wa pili wa njia.

Mlumbi

Mwalimu, kwenye ngeli nikusahihishe kwa heshima. Kijana, kiongozi na kinyozi nao wako kwenye ki-vi na hakuna anayelalamika. Na wote tunasema kiwete "amekuja", hatusemi "kimekuja". Sidhani tatizo ni ki-. Tatizo ni kwamba neno moja linammeza mtu mzima: jina lake, kazi yake, ukoo wake, vyote vinapotea, anabaki "kiwete". Kiongozi ukimwita kiongozi hujampunguza kitu.

Mwalimu wa Awali

Umeniweka sawa, Mlumbi. Nitaacha kuwalaumu kiti na kijiko. Hoja ya neno kummeza mtu naichukua, ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta.

Mama Pacha

Dada mwalimu, mimi nina mapacha wa kiume. Mmoja alizaliwa na nyayo za kupinda, wengine wanaita mguu kifundo. Kwa wastani mtoto mmoja katika kila 1,000 anazaliwa hivyo, na inatibika, lakini mimi siku ile sikujua. Nilichokuwa nakijua ni nilichoambiwa utotoni: ukimcheka mlemavu utazaa mlemavu. Nimelala wodini na wanangu wawili kifuani natafuta kichwani mwangu nilimcheka nani. Nikamkumbuka kaka mmoja wa shule ya msingi, alikuwa anachechemea, sijui hata kama nilimcheka au nilitabasamu tu. Miezi miwili nilikuwa namwomba msamaha usiku. Mume wangu hakujua kwa nini nalia.

Alikuja kunitoa huko nesi wa kliniki. Alikaa chini akaniambia haitokani na kucheka mtu, wala na kitu nilichokula, wala na kupita njia panda. Mtoto akaanza kufungwa hogo, ile gipsi ngumu ya mguuni. Kila wiki wanaufungua, wanaunyoosha mguu kidogo, wanafunga jingine. Kwake yalikuwa sita, halafu wakakata kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino, hogo la mwisho likakaa wiki tatu. Kisha viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo usiku tu mpaka miaka minne.

Pacha wake alipofika miaka miwili akaanza kulia kila usiku: "Viatu vyangu vya kulalia viko wapi?" Kwake vilikuwa upendeleo! Tukamtafutia raba kuukuu, akalala nazo wiki nzima. Hapo ndipo nilipoona kwamba aibu yote ile ilikuwa yangu mimi mtu mzima. Watoto hawakuwa nayo.

Kwa hiyo bibi yetu wa Pangani, shikamoo, kile kibano cha utotoni mimi kilikuja kuniuma nina miaka 29.

Bi Mkubwa wa Pangani

Marahaba. Mwanangu, hili sikulifikiria. Pole sana.

Kisauni

Miye nawasoma kutoka Mombasa. Nilikatwa mguu nikiwa na miaka saba baada ya ajali barabarani. Nikapelekwa shule maalumu ya bweni. Walimu walitupenda, vifaa vilikuwepo, na kule kila mtu alikuwa na gongo au kiti, kwa hivyo hakuna aliyekuwa wa ajabu. Shida ilikuwa Desemba. Narudi nyumbani, watoto wa jirani hawanijui. Tulizaliwa nyumba zilizopakana lakini walikuwa wananitazama kama mgeni kutoka bara. Hawakuwa wabaya. Hawakuwahi tu kucheza nami.

Leo wapwa zangu wamekua na huu mguu bandia ndani ya nyumba. Kila asubuhi wanagombania nani ataniletea. Mdogo kabisa ana miaka mitatu, akinikuta nimekaa bila mguu huniuliza, "Mjomba, leo hutoki?" Hakuna aliyewahi kumfundisha kwa maneno. Ameona tu. Kwa hivyo mwalimu, darasa lako ni zuri, lakini mtoto anafundishika zaidi akiwa na mwenzake mwenye ulemavu pale pale kwenye mkeka, siyo mwalimu peke yake.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono hoja, ila nina watoto zaidi ya 90 darasani na mmoja wao ana mtindio wa ubongo, mikono na miguu inakakamaa. Mama yake anamleta mgongoni. Wenzake hawamcheki, lakini wakati wa mapumziko anabaki amekaa mlangoni anatazama. Namfanyaje?

Mwalimu wa Awali

Mwenzangu, anza na michezo ya kukaa. Mdako mwenye miguu na asiye na miguu wote wako chini, ila kwa mwenye mikono inayokakamaa kokoto hazitadakika, basi apewe kazi ya kuhesabu au mchezo wenyewe ugeuzwe, watumie mpira wa soksi na kuuviringisha badala ya kurusha. Kombolela, awe ndiye kituo: anayekimbia anakuja kumgusa yeye begani. Rede, awe mmoja wa warushaji, mama yake au mtoto mkubwa ambebe upande mmoja wa uwanja. Usiwapangie wewe kila kitu. Waulize watoto wenyewe, "Tucheze vipi ili naye acheze?" Mimi nimefundishwa michezo na watoto ambayo nisingeibuni kwa miaka kumi.

Jambo moja: waambie wazi kwamba kichwa chake kinaelewa hata kama maneno yanatoka kwa shida. Watoto huwa wanadhani asiyeongea haraka hasikii, wanaanza kumsemesha kama kichanga. Na wakati wa kumsubiri ajibu, msubiri kweli, mbele yao, waone mwalimu anavyosubiri.

Ustadh wa Makorora

Assalaam alaykum. Madrasa kwangu nawasimulia watoto kisa cha Amr bin al-Jamuh, sahaba aliyekuwa anachechemea sana. Siku ya vita vya Uhud wanawe walimzuia asitoke kwa sababu ya mguu wake. Akaenda kwa Mtume kuomba asizuiwe, akaruhusiwa, na akafa shahidi siku hiyo. Watoto wanakipenda. Lakini kuna binti aliniuliza, "Ustadh, kwa nini wanawe walimzuia, hawakumpenda?" Nikaona hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Walimpenda mno. Nyumba nyingi watoto wenye ulemavu wanafungiwa ndani na watu wanaowapenda.

Baba Nuru

Mwalimu, nimesita siku mbili kuandika. Binti yangu ana miaka sita. Alizaliwa na mgongo wazi, kichwa nacho kikawa kinajaa maji. Mgongo ulifungwa akiwa na siku nne, baadaye akawekewa mpira unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Miguu haisogei na haihisi. Anatumia kiti mwendo, anaongea kuliko mimi na mama yake tukijumlishwa. Januari anaanza shule ya jirani. Mwalimu mkuu ametukubalia, amemwaga hata mteremko wa saruji mlangoni.

Nina wasiwasi wa mambo mawili. La kwanza, mkojo. Kibofu chake hakijitoi, kila baada ya saa nne mama yake anatumia mpira mwembamba kuutoa. Atakuwa anakuja shuleni kwa kazi hiyo, na watoto watauliza Nuru anapelekwa wapi. La pili, maputo. Watoto wengi wa mgongo wazi wanapata aleji ya mpira wa asili. Besdei ya binamu yake alivimba midomo na kupumua kwa shida kwa sababu ya puto. Nawaambiaje watoto wa miaka mitano jambo la kifo bila kuwatisha? Sitaki wamwogope.

Mwalimu wa Awali

Baba Nuru, karibu sana, na usisite tena.

La mkojo. Mimi naliweka hivi: kuna ya wote na kuna ya Nuru. Kiti kila mtu anakiona, basi kiti kielezwe kwa wote, wakiguse, wajue breki iko wapi na kwamba hakisukumwi bila yeye kusema. Chooni ni kwake. Ukae naye kabla ya shule, umuulize yeye anataka wenzake wajue nini. Umpe na sentensi ya kujilinda, aizoee nyumbani: "Hilo ni langu, sisemi." Mwalimu naye akiulizwa ajibu, "Kila mtu ana mambo yake ya chooni," na somo liendelee. Nimeandika huko juu kwamba maswali yajibiwe, lakini anayejibu ni mwenye mwili. Mimi nina miaka 40 na zaidi, nimeamua mwenyewe kuvua chuma mbele ya watoto. Nuru hajaamua, na asilazimishwe kuwa somo la darasa.

La maputo, lifanye sheria ya darasa, siyo habari ya Nuru. "Darasa letu halina maputo, kwa sababu mpira wake unamfanya mwenzetu ashindwe kupumua. Tunapamba kwa karatasi za rangi." Watoto wa miaka mitano ni walinzi wakali wa sheria kuliko polisi. Mtu mzima akija na puto siku ya mahafali watamrudisha getini. Mwambie pia mwalimu wake kuhusu glavu za mpira kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Na kwa kuwa miguu haihisi, rafiki zake wawili watatu wafundishwe kusema wakiona kiatu kimemtoka au kuna damu, maana mchanga wa jua kali unaweza kumchoma asijue. Wafundishwe kusema tu. Wasifanywe wauguzi wake. Nimeona mtoto akipewa kazi ya kumtunza mwenzake, urafiki ukafa.

Fundi wa Vyuma

Nimesomea Moshi, pale chuo cha mafundi wa viungo bandia na vyuma kilichopo hospitali ya KCMC, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Baba Nuru, kile kiti kilipimwa? Nauliza kwa sababu vingi vya msaada ni vya watu wazima. Mtoto anakaa ndani yake kama yuko kwenye karai, anaegemea upande mmoja, mgongo unapinda, na asiyehisi makalio anapata vidonda bila kujua. Upana wa kiti ufuate nyonga zake, miguu ifike kwenye sahani za miguu, na awe na mto wa kukalia. Anajinyanyua kwa mikono kila baada ya muda? Akifundishwa sasa hatasahau.

Nikirudi kwenye mada ya mwalimu: mtoto akija kupimwa nampa kwanza kipande cha bendeji ya gipsi amfunge mwanasesere wake, au amfunge kidole baba yake. Akishajua gipsi inapata joto kidogo kisha inakauka, hapigi kelele tena. Na rangi ya mikanda achague yeye. Kuna kijana alichagua kijani na njano, kesho yake wenzake wote wakataka mikanda.

Baba Nuru

Asanteni sana. Fundi, hakikupimwa. Tulipewa. Nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha.

Mwalimu, nina swali la mwisho na ndilo lililonifanya niandike. Jana usiku Nuru ameniuliza, "Baba, nikifika darasa la pili nitakuwa natembea?" Nikamwambia Mungu akipenda. Akanitazama tu. Daktari alishatuambia miguu ile haitatembea.

Mwalimu wa Awali

Baba Nuru, na mimi niliambiwa hivyo. Mpaka nina miaka tisa kila mtu nyumbani alikuwa akiniambia Mungu akipenda. Nilikuwa naamka kila asubuhi, kabla ya kufungua macho, naujaribu mguu. Nikikuta bado, nadhani sikuomba vizuri jana yake. Sikumwambia mtu.

Siku moja mama alinikuta. Akakaa kitandani. Akasema, "Hapana mwanangu. Utatembea hivi hivi. Na mwaka huu tutakuchongea gongo lako mwenyewe, hili la babu ni refu." Nililia sana siku ile, naye akalia. Lakini kesho yake sikuujaribu mguu. Nililala mpaka jua likatoka.

Mungu atajwe, siyo kwamba simtaji. Atajwe kwa jambo lililo kweli. Mwambie hatatembea kwa miguu, atakwenda kwa kiti. Mwambie mapema, ukiwa umetulia, siyo usiku wakati wa kulala. Akilia mwache alie, usimharakishie pipi. Na ataliuliza tena swali hilohilo, kesho na wiki ijayo, kwa sababu watoto ndivyo wanavyoelewa. Umjibu vilevile kila mara.

Mama Pacha

Nimelia mimi hapa.

Baba Nuru

Wakuu, nimemwambia leo mchana, tulikuwa chini ya mwembe yeye na mimi na mama yake. Amelia kidogo, mama yake amelia zaidi. Halafu akauliza kama akikua kiti nacho kitakua. Nimemwambia hapana, ila kuna fundi atampima na kumtengenezea kikubwa. Anataka kujua kama naye atachagua rangi.

Fundi wa Vyuma

Mlete Jumatatu. Mwambie rangi ziko tano.